Mnara wa Saa, Boma na jiwe la mpaka: Arusha ilianza kupimwa wapi?

Mgeni akishuka stendi ya Arusha na kuuliza katikati ya mji ni wapi, wengi watamwelekeza Mnara wa Saa. Bodaboda wanaujua, wauza magazeti wanaujua, na waliopotezana sokoni hupigiana simu wakutane hapo. Wapo watakaomwambia pia kwamba hapo ndipo katikati ya Afrika, nusu ya safari kutoka Cairo hadi Cape Town.

Wasikilizaji wetu hutuuliza mara kwa mara kuhusu mnara huo. Nani aliujenga? Je, ndipo mji wa Arusha ulipoanza? Na kabla hapajaitwa mji, ni nani aliyekuja kupima na kusema hapa ni kiwanja, kule ni shamba, na pale ni barabara?

Maswali haya yanasikika kama ya historia tu. Lakini kwa msikilizaji anayelima Ngaramtoni, Kisongo, Usa River au King'ori, nani alipima na alama aliziweka wapi ni maswali yanayohusu shamba lake mwenyewe. Katika makala haya tunaeleza alama tatu ambazo kila mpita njia mjini anaziona, yaani Mnara wa Saa, Boma la Wajerumani na Mnara wa Azimio. Kisha tunaeleza alama ya nne, ambayo haijawahi kufanyiwa sherehe: jiwe la mpaka, maarufu kama bikoni.

Mnara wa Saa: mdogo wa mji wake

Tuanze na mnara wenyewe. Umesimama kwenye kipilefti, mahali ambapo Barabara ya Sokoine inakutana na Barabara ya Boma na ile ya Old Moshi. Ulijengwa mwaka 1945, wakati wa Waingereza, na ulitolewa kama zawadi na Galanos, Mgiriki aliyekuwa tajiri wa mashamba hapa Tanganyika. Wagiriki walikuwa wengi kaskazini mwa nchi wakati huo, wakilima mkonge na kahawa.

Kwa hiyo mnara haukumbuki kuanzishwa kwa mji. Ulipojengwa, Arusha ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Maduka yalikuwepo, ofisi za serikali zilikuwepo, na reli kutoka Moshi ilikuwa imeshafika tangu mwaka 1929. Mnara ni mdogo kwa mji wake, ingawa leo ndio unaojulikana kuliko majengo yaliyoutangulia.

Na ile habari ya katikati ya Afrika? Hili tunaweza kulipima sisi wenyewe. Cairo iko karibu nyuzi 30 kaskazini ya ikweta. Cape Town iko karibu nyuzi 34 kusini. Ukigawa katikati unapata nyuzi 2 kusini ya ikweta. Arusha iko zaidi ya nyuzi 3 kusini. Uzi mmoja ni kama kilomita 111, hivyo tumepitiliza kwa kilomita kama 150.

Hiyo ni hesabu ya kaskazini na kusini tu. Ukivuta mstari ulionyooka kutoka Cairo hadi Cape Town, nusu yake inaangukia ndani ya Kongo, zaidi ya kilomita 1,000 magharibi ya Arusha. Anayesafiri kwa barabara naye atapata jibu jingine, kwa sababu nusu ya safari inategemea amepita njia gani.

Basi kwa nini usemi huo umeenea? Wakoloni wa Kiingereza walikuwa na ndoto ya njia moja ya kuunganisha makoloni yao kutoka Cape Town hadi Cairo, na Arusha ilikuwa kituo kimoja kwenye njia hiyo. Usemi ulipendeza, ukakaa. Hauna madhara kwa mtalii anayepiga picha. Lakini unatufundisha kitu kimoja: kipimo kikirudiwa sana midomoni, watu hukiamini bila kuuliza nani alipima.

Miji mingine humkumbuka mpima

Duniani ipo miji ambayo imemwekea mpima ardhi sanamu. Huko Adelaide, kusini mwa Australia, kuna sanamu ya Kanali William Light, Mwingereza aliyeongoza upimaji wa mji huo mwaka 1837. Amesimama juu ya kilima, ameunyoosha mkono kuelekea mjini, kana kwamba anaonyesha mahali atakapoweka mtaa wa kwanza. Ardhi aliyokuwa akiionyesha ilikuwa ya watu wa kabila la Kaurna, walioishi hapo tangu enzi. Sanamu haionyeshi hilo.

Jirani zetu wa Nairobi, mji ulioanza kama kambi ya reli mwaka 1899, nao wana nguzo yao. Iko kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Koinange Street, na imeandikwa umbali wa kwenda miji mbalimbali. Nguzo hiyo inamkumbuka Galton-Fenzi, Mwingereza aliyeanzisha chama cha wenye magari. Hata yeye hakuwa mpima wa mji.

Arusha haina sanamu ya mpima. Lakini ina jengo linaloonyesha mji ulianzia wapi, na hapo ndipo tunapoelekea.

Boma: hapa ndipo mji ulipoanza

Kutoka Mnara wa Saa, fuata Barabara ya Boma kupanda kuelekea mlimani. Mwisho wake utaona majengo meupe ya zamani yenye kuta nene. Leo ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili, yaliyofunguliwa mwaka 1987. Zamani ilikuwa ngome ya kijeshi ya Wajerumani, iliyojengwa mwaka 1900.

Kabla ya hapo hapakuwa na mji, lakini palikuwa na watu. Waarusha walilima na kufuga kwenye miteremko ya kusini magharibi ya Mlima Meru. Wameru walikuwa upande wa kusini mashariki, kwenye migomba na mifereji ya maji. Mito inayotoka mlimani, kama Themi na Naura, ilikuwa ikitumika vizazi na vizazi kabla Mzungu hajafika na kuiandika kwenye ramani.

Mwezi Oktoba mwaka 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri kwa Wameru ili kuanzisha misheni. Waliuawa usiku. Wajerumani waliokuwa Moshi chini ya Kapteni Johannes wakaja kulipiza. Nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, na ng'ombe walichukuliwa kwa wingi. Mapigano yaliendelea kwa vipindi hadi mwaka 1900. Mwaka huo viongozi kadhaa walinyongwa Moshi. Miongoni mwao walikuwa Mangi Meli wa Old Moshi na Mangi Lobulu wa Meru, pamoja na viongozi wa Waarusha.

Boma lilijengwa baada ya hayo, kwa nguvu za waliokuwa wameshindwa. Waarusha na Wameru walilazimishwa kubeba mawe, kuchoma chokaa na kupandisha kuta. Ndipo wafanyabiashara wakafungua maduka chini ya Boma, njia ikawa mtaa, na mtaa ukawa mji.

Kwa hiyo kama unauliza mji wa Arusha umekaa juu ya jiwe gani la kwanza, jibu ni mawe ya Boma. Liliwekwa pale ili askari waone wanaotawaliwa na wanaotawaliwa waone askari.

Kupima ardhi maana yake nini?

Tusimame kidogo tueleze neno hili, kwa sababu ndilo lenye uzito katika habari nzima.

Kupima ardhi hakukuletwa na Wazungu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru mpaka wa kihamba ulijulikana kwa masale, ule mmea wa majani marefu unaoota hata ukikatwa. Sale likipandwa mbele ya majirani na wazee, mpaka umewekwa. Anayeling'oa anajulikana. Ushahidi wa mpaka ulikuwa mmea wenyewe pamoja na kumbukumbu za watu waliokuwepo siku ulipopandwa.

Mpima wa serikali ya kikoloni alikuja na ushahidi wa aina nyingine. Alianza na sehemu inayojulikana, mara nyingi kilele cha kilima. Kwa darubini ya kupimia pembe na mnyororo wa chuma wa kupimia urefu, alihesabu umbali na pembe hadi kwenye kona ya shamba. Kwenye kona akazika jiwe au chuma chenye namba. Kisha namba hiyo ikaandikwa kwenye ramani, ramani ikapelekwa ofisini, na shamba likapewa jina jipya: Shamba namba fulani.

Kuanzia hapo ardhi ile ilikuwa na sura mbili. Moja ilikuwa kijijini, kwenye masale na vichwa vya wazee. Ya pili ilikuwa ofisini, kwenye karatasi. Mzozo ulipotokea, mahakama ya mkoloni ilisoma karatasi.

Sheria ilisaidia karatasi kushinda. Amri ya Kaizari wa Ujerumani ya mwaka 1895 ilisema ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola. Waliokuwa wakiamua kama ina mwenyewe ni Wajerumani hao hao. Malisho ambayo ng'ombe wamehamishwa kwa msimu yalionekana matupu. Shamba lililopumzishwa lilionekana pori. Mwaka 1923 Waingereza nao walitunga Sheria ya Ardhi iliyoweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana.

Mlima ulivyozungukwa

Baada ya Boma, wapima walitoka kwenda mashambani. Wajerumani waligawa ardhi ya kuzunguka Mlima Meru kwa walowezi wao. Waliwakaribisha pia Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa kama mali ya adui. Mengi hayakurudishwa kwa Waarusha na Wameru, bali yaliuzwa kwa walowezi wengine, wakiwemo Waingereza na Wagiriki.

Ukiangalia ramani ya wakati huo utaona mashamba ya walowezi yameuzunguka mlima kama mshipi. Juu kulikuwa na msitu wa hifadhi ambao wananchi hawakuruhusiwa kulima. Chini kulikuwa na mashamba ya kahawa na mkonge yenye bikoni. Wananchi walibanwa katikati, na idadi yao ilikuwa ikiongezeka. Mfugaji aliyetaka kupeleka ng'ombe uwandani kwenye malisho na magadi ilimbidi apite kwenye ardhi iliyopimwa kwa jina la mtu mwingine.

Hata mjini kupima kulifuata rangi za watu. Wazungu walikuwa na eneo lao, Wahindi na Waarabu walikaa mitaa ya maduka, na Waafrika wakapangiwa maeneo kama Kaloleni. Ndiyo maana mpaka leo ukisema Uzunguni, mwenyeji wa Arusha anajua unakwenda wapi.

Ngare Nanyuki, 1951: namba mbili kwenye ramani

Hapa ndipo habari ya bikoni inapokuwa habari ya watu.

Upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru kuna eneo la Ngare Nanyuki. Jina ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Wameru walikuwa wakiishi na kufuga hapo. Kwenye vitabu vya serikali eneo hilo lilikuwa na jina jingine: Shamba namba 31 na Shamba namba 328.

Mwaka 1947 tume iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson ilitoa taarifa kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi. Ilipendekeza ardhi ibadilishwe ili walowezi wapate eneo moja lisilokatizwa kwa ajili ya ufugaji, na Waafrika wapewe maeneo mengine. Ngare Nanyuki iliangukia upande wa walowezi. Wameru waliambiwa wahamie King'ori na kwamba watalipwa fidia.

Wakakataa. Walisema ardhi ni yao na hawaiuzi. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ilileta askari. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, mifugo ikaswagwa, na kiasi cha watu 3,000 wakaondolewa. Wengi walikataa kupokea fidia, wakijua kwamba ukipokea pesa umekubali kuuza.

Wameru hawakurusha mikuki. Walifanya kitu ambacho hakikutegemewa: waliifuata karatasi ilikokuwa. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini, maana yake Uingereza iliitawala kwa usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na mkazi yeyote aliruhusiwa kupeleka malalamiko. Chama cha raia wa Meru kikachangisha pesa kutoka kwa wakulima na wafugaji. Wakamwajiri wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Na wakamchagua mmoja wao, Kirilo Japhet, asafiri.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza yaliyotokea Ngare Nanyuki. Ndiye Mtanganyika wa kwanza Mwafrika kufanya hivyo. Azimio la kuwatetea Wameru lilipata kura nyingi, lakini halikufika theluthi mbili zilizotakiwa kwenye Baraza Kuu. Kwa hiyo kesi haikuwarudishia ardhi yao siku ile.

Lakini habari ilienea. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akieleza alichokiona na alichokisema. Miaka miwili baadaye, Julai 1954, TANU ilianzishwa, na watu wengi walikuwa wameshasikia kwamba mkulima wa Meru alikwenda mpaka Ulaya na Marekani kudai shamba lake. Leo Ngare Nanyuki ni kata ya Wilaya ya Arumeru, na wanaolima nyanya na vitunguu huko ni Wameru na majirani zao.

Somo la kesi ile kwa msikilizaji wetu ni hili: Wameru walijua mipaka yao vizuri kuliko mpima yeyote. Kilichowaponza si kutojua. Kilichowaponza ni kwamba walichokijua hakikuwa kimeandikwa mahali ambapo maamuzi yalifanyika.

Mnara wa Azimio

Turudi mjini kwenye alama ya tatu. Kaloleni, karibu na Makumbusho ya Azimio la Arusha, kuna kipilefti chenye mnara mrefu mweupe wenye mwenge juu yake. Huo ni Mnara wa Azimio.

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Mwalimu Nyerere alilitangaza tarehe 5 Februari. Kikao kilifanyika kwenye jengo ambalo sasa ni makumbusho hayo, katika mtaa ambao mkoloni aliutenga kwa ajili ya Waafrika. Yeyote anayetembea kutoka Boma hadi Kaloleni anatoka mahali ulipoanzia utawala wa Wajerumani na kufika mahali ambapo nchi huru ilijieleza itakavyoishi.

Azimio liliitaja ardhi miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazotakiwa kuwa mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Kabla yake, mwaka 1963, sheria ilikuwa imeshafuta umiliki wa ardhi wa milele ambao walowezi walipewa, ukabadilishwa kuwa upangaji kutoka serikalini. Msingi huo haujabadilika: ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Wewe na sisi tunachomiliki ni haki ya kuitumia.

Haki hiyo ndiyo inayopimwa na kuandikwa. Na sasa tunafika kwenye alama ya nne.

Bikoni: mnara mdogo shambani kwako

Bikoni ni jiwe la zege lenye chuma katikati na namba juu yake, limezikwa kwenye kona ya kiwanja au shamba. Siku hizi mpima hatumii mnyororo tena. Anatumia kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kumpa kipimo papo hapo. Lakini kazi ya bikoni ni ile ile ya mwaka 1900: kuunganisha ardhi na karatasi. Namba iliyo kwenye jiwe lazima ionekane kwenye ramani, na ramani lazima iwe na jina la mtu.

Mji wa Arusha unapanuka. Mashamba ya Kisongo, Olasiti, Moshono na Usa River yanakatwa viwanja. Mahali ambapo babu alipima kwa hatua, mjukuu anauza kwa mita za mraba. Haya ndiyo mambo tunayoona kila msikilizaji anapaswa kuyajua.

Kwanza, jua shamba lako liko kwenye ardhi ya aina gani. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwenyekiti peke yake hawezi kugawa ardhi, na hata halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mtu akikuambia ameuziwa na mwenyekiti, muulize mkutano mkuu ulikaa lini na muhtasari uko wapi.

Pili, ipo hati ya kijijini. Inaitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Si hati ya daraja la chini, kwa kuwa sheria inaipa hadhi sawa na hati miliki ya mjini. Ili kuipata, kijiji kinatakiwa kiwe kimepimwa mipaka yake na kina cheti cha ardhi ya kijiji. Kisha shamba lako linahakikiwa mbele ya majirani. Siku hiyo usikose. Na usimwachie mtoto au kibarua akuwakilishe, kwa sababu kinachoandikwa siku hiyo ndicho kitakachosomwa baraza la ardhi likikaa.

Tatu, mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria zote mbili za ardhi za mwaka 1999 zinasema hivyo. Majina ya mume na mke yanaweza kuandikwa pamoja kwenye hati moja. Ardhi ya familia isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi.

Nne, usisogeze bikoni wala usiing'oe, hata kama unaamini imewekwa mahali pasipo sahihi. Kuharibu alama ya upimaji ni kosa la jinai. Mwenye haki anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Ukiona bikoni usiyoijua shambani kwako, andika namba yake, ipige picha kwa simu, ita majirani waione, kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize imewekwa na nani na kwa ajili ya nini. Fanya hivyo wiki hiyo hiyo. Bikoni iliyokaa miaka kumi bila mtu kuuliza huanza kuonekana kama iliyokubaliwa.

Tano, ardhi yako ikihitajika kwa manufaa ya umma, sheria inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Fidia si thamani ya nyumba peke yake. Inahesabu pia ardhi yenyewe, mazao, usumbufu, usafiri, makazi ya muda na hasara ya kipato. Kabla ya kusaini fomu ya uthamini, soma kila mstari. Kama husomi vizuri, mpe unayemwamini akusomee. Wameru wa mwaka 1951 walielewa kwamba kupokea ni kukubali.

Sita, mgogoro ukitokea, anza karibu. Baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata kazi yao ni kusuluhisha. Isiposhindikana mtabaki majirani. Ikishindikana, shauri linakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na kutoka hapo Mahakama Kuu.

Masale yasing'olewe

Je, kwa kuwa sasa kuna bikoni na setilaiti, masale hayana kazi? Yana kazi. Mpima akija kijijini leo hajui mpaka uko wapi mpaka aonyeshwe. Anaonyeshwa na majirani, wazee na masale. Kifaa chake kitampa kipimo cha mahali alipopelekwa, na akipelekwa mahali pa uongo kitaandika uongo huo kwa usahihi mkubwa. Kwa hiyo mzee anayekumbuka siku sale lilipopandwa ana kazi ya maana kuliko wakati wowote. Mwulizeni angali hai, mkiwa majirani wote pamoja, na muandike anachosema.

Siku nyingine ukipita Mnara wa Saa, sasa unajua kwamba mji haukuanzia pale na bara la Afrika haligawanyiki pale. Panda Barabara ya Boma uone mahali mji ulipoanzia. Ukifika nyumbani, zunguka shamba lako mpaka kona ya mwisho, ukiwa na mwanao, na umwonyeshe kila alama iko wapi na iliwekwa na nani.